Kila mtu anakisifia, mbona hakuna anayekichukua?

SWALI: Nimeunda kifaa cha kupima unyevu wa nafaka ghalani. Mezani kwangu kinafanya kazi vizuri na wote wanakisifia, ila hakuna anayekitaka. Niendelee kukiboresha mpaka kikamilike, au nikitoe hivyohivyo?

JIBU: Kitoe, ila si kwa kila mtu. Mtafute yule ambaye shida imembana kiasi cha kuvumilia kasoro zake.

Chukua mashine ya kutoa nakala. Tarehe 22 Oktoba 1938, mtaani Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake walisugua kwa leso bati la zinki lililopakwa salfa ili lipate chaji, wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyiza unga. Maandishi yakajitokeza, wakayahamishia kwenye karatasi ya nta. Wazo lote lilikuwa pale, na bado kampuni zaidi ya 20 zilimkatalia. Kuanzia 1944 taasisi ya utafiti ya Battelle ikalishughulikia, na huko elementi ya seleni, inayohisi mwanga vizuri zaidi, ikachukua nafasi ya salfa. Kampuni ya Haloid ikatoa mashine mwaka 1949, lakini ilitaka kazi nyingi ya mkono na maofisi hayakuipenda. Waliookoa jahazi ni wachapaji, walioona inawafaa kutengenezea bamba za kuchapia kwa mashine za ofseti. Soko ambalo halikulengwa! Mashine yao ya Xerox 914 ilikuja 1959, na kwa kuwa ilikuwa ghali ilikodishwa kwa dola 95 kwa mwezi, nakala 2,000 za kwanza zikiwemo. Kwangu mimi, mpango huo wa malipo ni ubunifu sawa na ile seleni.

Sasa kifaa chako. Kipeleke kwa mwenye ghala ambaye nafaka yake imewahi kuota ukungu, umwachie akitumie bila kumwelekeza kila hatua. Utaona anapokwama: vumbi, betri, au namba asiyoiamini. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Vipimo vya unyevu vinavyotumia umeme hubadilika kwa joto na kwa aina ya nafaka, kwa hiyo kifaa kilichosawazishwa (kurekebishwa namba zake) kwa mahindi kitadanganya kwenye ngano. Nani atakisawazisha upya wewe ukiwa mbali? Jibu hilo kabla ya kuhangaika na umbo la kasha.

Akitaka kubaki nacho, mtoze kitu, hata kidogo. Akikataa, muulize kwa sasa anapimaje. Kama anang'ata punje kwa meno na inamtosha, mpinzani wako ni hayo meno.