Maji yakishaondoka ndo kazi inaanza: niliyojifunza nyumba yetu ilipoingiwa na mafuriko

Nimekaa na hii makala muda mrefu, kila nikianza kuandika nakumbuka ile harufu nafunga simu. Mtu ambaye hajawahi kuingiliwa na mafuriko ndani anadhani shida ni maji, lakini kwetu maji yalikaa usiku mmoja na nusu siku yakaondoka, kilichobaki ni tope, tope zito linalonuka choo na dizeli, liko kwenye droo, liko ndani ya friji, liko ndani ya godoro, na nikikaa nikahesabu, vitu vingi tulivyopoteza moja kwa moja havikuondoka na ule usiku, tulivipoteza siku nne tano zilizofuata kwa haraka zetu na kwa kutokujua. Ndo maana naandika. Kuhusu kukimbia maji watu wanaelezwa sana, kuhusu kurudi nyumbani hawaelezwi.

Kwenye kukimbia nitasema moja tu. Mjomba alitaka kurudi kuchukua pikipiki yake na maji yalikuwa bado hayajafika magotini, tukamshika kwa nguvu na alitukasirikia kweli. Jamani, maji yanayotembea yakipita kifundo cha mguu kidogo tu, sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kunyanyua gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi tu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, sasa fikiria tani ngapi zinakusukuma miguu kwa mpigo. Pikipiki ilienda, mjomba yupo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuliingia asubuhi ileile maji yalipoanza kushuka, na kitu cha kwanza kaka yangu alichofanya ni kunyoosha mkono kwenye swichi ya taa, mama alipiga ukelele mpaka leo nausikia. Waya na soketi zilikuwa zimezama usiku kucha. Usiguse umeme mpaka fundi apite, hata kama wa jirani unawaka, na kama meinswichi yako imezungukwa na maji usiisogelee kabisa. Alafu angalia kuta kabla hujaingia, hasa za udongo, maana ukuta unaweza kusimama wakati maji yapo na ukaanguka yakishapungua, unakuwa umelainika chini na hakuna tena kinachoushikilia. Vaa buti na glavu. Mimi nilivaa ndala nikakanyaga msumari ndani ya tope, nikachomwa sindano ya pepopunda na kuambiwa nikisikia homa na misuli kuuma wiki zinazofuata nirudi haraka, maana maji ya mafuriko yanabeba mkojo wa panya na wanyama wengine, na kidonda ni mlango wa homa ya mgunda.

Kisima kilitudanganya. Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kabisa, hayana harufu, tukanywa, na watoto watatu wa nyumba yetu wakaharisha mpaka tukawakimbiza hospitali. Weupe wa maji hausemi chochote kuhusu vyoo vilivyofurika jirani na kisima. Chemsha mpaka yatokote kabisa, uyaache dakika moja yakitokota hivyohivyo, kama unakaa sehemu za juu sana kupita mita 2,000 yaache dakika tatu. Na kama yananuka mafuta au dawa za shamba usijisumbue kuyachemsha, moto unaua vijidudu, hauondoi dizeli, tafuta maji kwingine mpaka kisima kisafishwe na kutiwa klorini.

Hili linalofuata ndo linaloniuma mpaka leo. Bibi alikuwa na sanduku lake la picha na barua, babu alimwandikia barua miaka yote aliyokuwa anafanya kazi mbali. Tulilikuta limejaa maji, na sisi kwa nia njema kabisa tukatoa albamu, tukabandua picha zilizogandana na nyingine tukazianika juani hivyohivyo zikiwa na tope. Zilizobanduliwa sura zilibaki kwenye picha ya jirani yake, zilizoanikwa zilijikunja na kugandana zikawa kitu kimoja. Bibi alishika moja, akaweka kidole pale palipobaki peupe akasema, hapa alikuwa dada yangu. Ilikuwa ndo picha pekee ya huyo dada yake duniani.

Baadae sana ndo nikajua tulitakiwa kufanya nini, na ni kazi rahisi. Picha iliyolowa usiiache ikaukia ikiwa imegandana na nyingine. Zichovye kwenye beseni la maji safi ya baridi, ziache zilainike zenyewe zitengane, suuza tope taratibu bila kusugua, zilaze kivulini sura ikitazama juu. Ukungu unaanza kuota ndani ya siku moja au mbili, kwaiyo kama ziko nyingi na huna muda, na kuna mtu mwenye frija inayofanya kazi, zitie kwenye nailoni ugandishe, barafu inasimamisha kila kitu mpaka utakapopata nafasi. Karatasi na vitabu pia, isipokuwa picha za zamani zile za kioo, hizo usigandishe. Novemba 1966 mto Arno ulipoingia mji wa Florence kule Italia, vitabu na hati zaidi ya milioni za maktaba kuu vililowa, na vijana walitoka nchi mbalimbali wakapanga mistari kupitishana vitabu mkono kwa mkono kutoka kwenye tope, watu wakawaita malaika wa matope. Ufundi mwingi wa kuokoa karatasi zilizolowa ulikua kutokana na kazi ile. Naisoma historia hii nikimkumbuka bibi, nasema kumbe ilikuwa inawezekana.

Basi leo hii kabla hujalala piga picha za hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, picha za wazee, hata barua, mtumie ndugu anayeishi mbali na mto wako. Sio simu yako tu, simu nayo inazama.

Kuhusu shamba, watu wanapenda kutufariji kwamba mafuriko yanaleta rutuba. Ni kweli lakini sio kila mahali. Wamisri waliishi na tope laini la mto Nile kwa maelfu ya miaka, mpaka lilipojengwa lile bwawa kubwa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, tope likawa linabaki nyuma ya ukuta. Kwetu nusu ya shamba ilipata tope laini la namna hiyo, nusu nyingine ilipata mchanga mtupu, mto ulipunguza mwendo pale ukaudondosha. Mahindi yalikuwa machanga na yalikaa chini ya maji siku tatu, yakafa yote, kwa sababu udongo ukijaa maji hewa inaisha ndani ya siku moja au mbili na mizizi inakosa pumzi. Mpunga unavumilia, una njia za kupitisha hewa ndani ya shina mpaka mizizini.

Baba hakuweza kukaa kuangalia shamba tupu, namwelewa, akaingiza trekta wiki ileile. Udongo mbichi ukikanyagwa na kitu kizito unashikana, ulipokauka ulikuwa kama tofali na msimu mzima jembe halikuingia. Chukua udongo wa chini kidogo uuviringishe kiganjani, ukikubali kuwa kijiti kama udongo wa mfinyanzi subiri, ukivunjikavunjika ingia. Alafu msimu uliofuata mahindi yaliota yakawa na majani ya zambarau, yamedumaa, tukadhani mbegu mbovu. Kumbe kuna ukungu mzuri unaoishi kwenye mizizi na kuusaidia mmea kupata fosforasi, shamba likikaa limezama bila mmea hai ukungu ule unapungua sana. Kwaiyo ardhi ikishakauka panda kitu upesi, chochote chenye mizizi inayokubaliana na ukungu huo kama jamii ya kunde, hata kama hutavuna, ili uanze kurudi.

Watoto wetu walikuwa wakisikia mvua juu ya bati usiku wanaamka wanavaa viatu. Hatukuwaambia waache. Tuliwaonyesha mfuko wenye tochi na nguo ulipo, na njia tutakayopita, taratibu wakaanza kulala.

Nawaza sana kuhusu Walozi wa Zambia. Kila mafuriko ya Zambezi yakipanda, mfalme wao, Litunga, anahama Lealui kwa mtumbwi mkubwa wa kifalme kwenda Limulunga kwenye ardhi ya juu, wanaita Kuomboka, na ni sherehe, ngoma zinapigwa. Maji wanayajua, na utamaduni wao umejengwa juu ya kuyajua. Sisi tulikuwa na bibi, ambaye akiwa msichana aliona maji yanafika pale tulipojenga jiko, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitusimulia wiki mbili baada ya mafuriko tukiwa tunakwangua tope.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee wa namna hiyo nenda naye mkatembee, akuonyeshe kwa kidole maji yalifika wapi. Kule Florence kuna mtaa wenye alama ya mafuriko ya Novemba 4, 1333 ukutani, na juu yake ipo ya Novemba 4, 1966, tarehe ileile. Sisi tumechonga mstari kwenye nguzo ya baraza tukaandika tarehe, na chini yake kuna mstari wa bibi, aliutaka yeye mwenyewe.