Taya la dada linachomoka kila akipiga mwayo

Pole sana kwa dada yako jamani, kama ulivyosema taya lake limetoka mara nne mwaka huu hiyo sio ya kurudishiwa tu na kwenda nyumbani tena. Kwa sasa akisikia mwayo unakuja aweke ngumi chini ya kidevu mdomo usifunguke wote, chakula akikate vidogovidogo, na mwambieni dokta dawa zote anazotumia maana metoclopramide ile ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaweza kukaza misuli ya taya likatoka.

Mimi ningeulizia mapema sindano ya damu yake mwenyewe. Mama yangu mdogo alifanyiwa, walimchoma ganzi mbele ya sikio, wakachota damu kidogo mkononi wakaidunga palepale kwenye jointi, halafu akafungwa bandeji kutoka kidevuni hadi utosini akawa anakunywa uji na supu tu, lengo jointi ipate kovu ikaze. Wengine inabidi warudie. Botox, sindano ya kulegeza misuli, kwenye msuli unaovuta taya mbele ipo pia ila nguvu yake inaisha kama miezi 3 au 4. Zikigoma zote ndo opresheni, wanachonga kile kinundu cha mfupa ambacho taya linanasa mbele yake, liweze kurudi lenyewe.

Amuone bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso, Muhimbili wapo, na likitoka tena tafadhali asije mtu akalivuta hapo nyumbani, mfupa unaweza kuvunjika.