Kusoma Zama za Kati mtandaoni: anza na tafsiri, picha za miswada zingoje

Picha za miswada ya kale, yaani vitabu na hati zilizoandikwa kwa mkono, zinavutia, ndiyo maana wengi huanzia huko na kukwama ukurasa wa kwanza. Kilatini cha karne ya 13 kimejaa vifupisho: p yenye kistari mkiani ni per, kistari hichohicho kikikaa juu yake ni prae. Geuza mpangilio. Soma tafsiri kwanza, kisha matini ya Kilatini iliyokwisha kuchapwa, picha ije mwisho.

Kwa tafsiri, Internet Medieval Sourcebook ya Chuo Kikuu cha Fordham, iliyoanza 1996, haina malipo na inatosha kuanzia. Hata Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, yumo. Ila nyingi ni tafsiri za zamani ambazo haki miliki zake zimekwisha, na nyingi ni vipande tu. Angalia mwaka wa tafsiri chini ya ukurasa kabla hujanukuu. Matini za Kilatini za Ujerumani na jirani zake ziko kwenye tovuti ya Monumenta Germaniae Historica.

Sasa picha. Maktaba za mtandaoni Gallica ya Ufaransa, DigiVatLib ya Vatikani na e-codices ya Uswisi zote ni bure. Kosa kubwa hapa ni kuhifadhi kiungo peke yake. Mifumo ya Maktaba ya Uingereza iliposhambuliwa Oktoba 2023, picha za miswada yake zilitoweka mtandaoni, na viungo vikabaki mapambo. Andika jina la maktaba, namba ya mswada (mfano Vat.lat. 3225), na karatasi: 12r ni uso wa karatasi ya 12, 12v ni mgongo wake. Usichukue namba ya picha ukadhani ni ya karatasi. Jalada nalo limepigwa picha, na kila karatasi ina picha mbili.

Tarehe ndizo zinazoaibisha hata wazoefu. Firenze, mji wa Italia, mwaka mpya ulianza 25 Machi, kwa hiyo hati yao ya 10 Februari 1426 ni ya 1427 kwa hesabu yetu. Uingereza walifanya hivyo hadi karne ya 18. Venezia, nayo ya Italia, walianza 1 Machi. Wachapishaji wengine wamesharekebisha, wengine wameacha ilivyo. Soma utangulizi, la sivyo utasahihisha mara mbili.

Ukishazoea, ingia kwenye takwimu. Catasto ya 1427, orodha ya kodi ya Firenze yenye karibu kaya 10,000 za mjini, imewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Brown, na unaweza kuitafuta kwa jina au kazi. Umri usiuamini sana: watu walikadiria, ndiyo maana wenye miaka 40 ni wengi kupita kiasi na wenye 41 wachache. Mali nayo ina mtego wake. Nyumba ya kuishi haikutozwa, na kwa kila mtu wa kaya zilikatwa florini 200 (sarafu za dhahabu za Firenze) kwenye mali ya kutozwa. Fundi mwenye watoto sita anaweza kuonekana hana kitu kwenye safu ya mali inayotozwa, kumbe ana duka na shamba. Ukilinganisha utajiri, tumia jumla kabla ya makato.