Majibu kwa Wasomaji: Binti Aliyefungiwa Ndani ya Marumaru

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 17 na napenda mno hadithi za wasichana wanaokaa kiangazi kizima katika majumba ya matajiri kando ya bahari, wakipendana kwa siri na vijana ambao wazazi hawawataki. Kaka yangu hunicheka na kusema kwamba mambo hayo hubuniwa tu. Je, yamewahi kutokea kweli?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie kaka yako asiharakishe kucheka. Consuelo Vanderbilt, binti wa familia ya Marekani iliyotajirika kwa reli, alitimiza miaka 18 mwezi Machi 1895. Enzi hizo matajiri wa New York walihamia Newport, katika jimbo la Rhode Island, kila kiangazi, na makasri waliyojijengea huko waliyaita vijumba vya mapumziko. Kijumba cha Alva, mama yake Consuelo, kilichokamilika mwaka 1892, kiligharimu dola milioni 11, na milioni 7 kati ya hizo zilikwenda kwenye marumaru peke yake.

Siku ile ya kuzaliwa kwake, kijana aitwaye Winthrop Rutherfurd alimposa faraghani, naye akakubali. Alva, ambaye ndoa yake mwenyewe ilikuwa imevunjika mwaka huohuo, alikuwa na mipango mingine: alimpeleka binti Ulaya, akazuia barua za pande zote mbili, kisha akamrudisha Newport, ambako, kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziandika Consuelo uzeeni, mlinzi wa lango aliamriwa asimruhusu kutoka peke yake. Msichana alipothubutu kudai haki ya kujichagulia mume, mama alitishia kumpiga risasi Rutherfurd. Baadaye Consuelo akaambiwa kwamba mama yake ameshikwa na maradhi ya moyo na kwamba ubishi zaidi ungemuua. Akasalimu amri.

Mwezi Agosti akawasili Duke wa Marlborough, kabaila wa Uingereza mwenye kasri kubwa la Blenheim na uhaba wa fedha za kulitunza. Alimposa Consuelo kiangazi kilipokuwa kikimalizika, na tarehe 6 Novemba wakafunga ndoa New York. Familia ya bibi harusi ilitoa hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5. Siwezi kuziita mahari, maana sisi mahari huyatoa mume, na hapa mume ndiye aliyelipwa.

Tofauti na hadithi unazozisoma iko hapa. Katika hadithi hizo vijana ndio wenye siri na wazazi ndio wanaogundua mwishoni, jambo linaloufanya usomaji uwe mtamu. Newport mambo yalikuwa kinyume: mama ndiye aliyeficha barua, mama ndiye aliyekwisha kuchagua mkwe kabla mgeni hajafika, na binti ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa kilichoendelea ndani ya nyumba aliyolala. Utajiri ndio uliowezesha hayo, kwa kuwa mzazi asiye na mlinzi wa lango wala nauli ya kwenda Ulaya angepata shida kumtenga binti yake na dunia kwa miezi mingi kiasi hicho.

Wanandoa hao walitengana mwaka 1906 na kutalikiana mwaka 1921. Mwaka 1926 Kanisa Katoliki liliibatilisha ndoa hiyo, na miongoni mwa mashahidi alikuwa Alva mwenyewe, aliyekiri kwamba alimlazimisha binti yake.

Kaka yako akiendelea kubisha, mpe hili pia: mwaka 1920 Rutherfurd, akiwa mjane, alimwoa Lucy Mercer, mwanamke aliyewahi kupendana kwa siri na Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na huyo Lucy ndiye aliyekuwa Warm Springs, katika jimbo la Georgia, pamoja na Roosevelt siku rais huyo alipoanguka na kufariki, Aprili 1945.