Kabla ya Kushusha Paa la Asbesto, Jua Kwanza Litazikwa Wapi

Nyumba tuliyoachiwa na baba ilikuwa imeezekwa kwa asbesto, yale mapande mazito ya kijivu yenye mawimbi ambayo sote tunayaita mabati ingawa hayana chuma ndani. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, madini ya asili yenye nyuzinyuzi, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Fundi wa kwanza niliyemwita alilitazama paa kutoka chini, akasema ni kazi ya nusu siku: vijana wawili na nyundo, wanayaporomosha uani, jioni mimi nafagia. Nilikaribia kukubali. Elimu ya asbesto sikuwa nayo. Kilichonizuia ni swali lililonitoka tukiwa tumeshafika mlangoni: vipande tutavipeleka wapi? Akanionyesha kwa kidevu shimo la takataka nyuma ya nyumba.

Swali hilo ndilo ningemtaka kila mwenye nyumba aanze nalo. Usitafute wa kupanda juu kabla hujajua mzigo utashukia wapi. Asbesto haichomwi moto ikaisha, haiozi, na haipelekwi dampo la kawaida, ambako matingatinga huponda kila kitu. Huzikwa kwenye eneo lililoruhusiwa kupokea taka hatarishi, ikiwa imefungwa, na kufunikwa udongo siku hiyohiyo. Mamlaka ya mazingira ndiyo inayojua maeneo hayo na watu wenye kibali cha kusafirisha. Mimi nilichukua wiki kadhaa kupata majibu, na katika muda huo paa lilikaa palepale bila kumdhuru mtu.

Kweli, lilikaa tu. Nyuzi zikiwa zimeshikwa na saruji imara, hatari ni ndogo sana. Balaa huanza pande linapovunjwa, kukatwa kwa msumeno, kutobolewa kwa drili au kusuguliwa kwa brashi ya waya ili kutoa kuvu. Hapo nyuzi zinaruka, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni, na zikishafika ndani kabisa ya mapafu mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Zinaleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Magonjwa haya huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Ndiyo maana fundi akikuambia ameshusha mapaa kama haya miaka kumi na hajawahi kukohoa, huenda hasemi uongo. Ni kwamba miaka kumi haijathibitisha lolote. Na akiwa mvutaji wa sigara, hatari ya saratani ya mapafu inapanda maradufu na zaidi.

Kwa hiyo kama paa lako ni zima, halina nyufa wala kingo zinazomeng'enyuka, kuliacha ni uamuzi halali kabisa. Usiliparue, na usiliruhusu lioshwe kwa mashine ya maji ya kasi. Ile inachimbua saruji na kutawanya nyuzi ukutani, bustanini na kwa jirani. Langu lilikuwa limepasuka sehemu tatu na linavuja, sikuwa na namna. Na kama huna uhakika ni asbesto, maabara ndiyo inayoweza kusema. Kwa macho tu, mapande ya saruji yasiyo na asbesto yanafanana nayo kama pacha. Usipopima, lichukulie kuwa ni asbesto.

Nchi nyingi zinataka kazi hii ifanywe na watu wenye leseni, na mimi niliwatafuta hao. Lakini nilisimama kando, upande upepo unakotoka, nikatazama siku nzima. Nawaambia nilichokiona ili nanyi mjue kama uliyemlipa anafanya kazi au anaigiza.

Siku moja kabla, tulitoa watoto na kufunga madirisha. Majirani waliarifiwa. Bomba la mfereji wa paa lililokuwa likijaza tangi la maji ya mvua lilikatwa, tangi likafunikwa. Ardhi kuzunguka nyumba ilitandikwa nailoni nene. Wafanyakazi walivaa ovaroli za kutupwa zenye kofia, buti zisizo na kamba, kwa sababu kamba hubeba vumbi, na barakoa zenye vichujio vya daraja la P3, la juu kabisa la kuchuja vumbi. Mmoja alikuwa na ndevu, akarudishwa kwenda kunyoa. Nilidhani ni ukali wa bure, kumbe barakoa haishiki vizuri juu ya ndevu, na hewa inapita pembeni ikiwa haijachujwa. Ile ya kitambaa, au ya karatasi ya hospitalini, hapa haina kazi.

Hakuna aliyekanyaga mapande yenyewe. Jambo hili watu hulisahau kwa kuogopa vumbi: paa la asbesto lililozeeka linavunjika chini ya uzito wa mtu bila onyo, na kuanguka kunaua papo hapo, hakusubiri miaka 30. Walifanyia kazi kwenye jukwaa na mbao pana zilizolazwa juu ya kenchi.

Kisha maji. Walipulizia kwa pampu ya mkono, kama ile ya dawa za shambani, maji yenye sabuni kidogo ili yapenye badala ya kuteleza. Yasiwe ya kububujika, ya kulowesha tu. Misumari iliyoshika kutu hawakuing'oa kwa nguvu; waliikata kichwa kwa mkasi wa chuma, pole pole, kila pande likatoka zima. Lilishushwa kwa mikono, watu wawili, halikutupwa hata moja. Chini lilifungwa nailoni ya mikroni 200, tabaka mbili, likabandikwa maandishi ya onyo. Pande refu halivunjwi ili litoshe kwenye mfuko. Mfuko ndio unaotafutwa wa kulitosha.

Hawakufagia. Walipangusa kwa vitambaa vibichi, navyo vikaingia kwenye taka zilezile. Vumbi la juu ya dari, lililojikusanya tangu baba anahamia, lilinyonywa kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata vumbi dogo kabisa. Ile ya kawaida ya nyumbani inavuta nyuzi mbele na kuzipulizia nyuma. Mwisho wa kazi walijipangusa, wakavua ovaroli kwa kuigeuza ndani nje, na barakoa ikawa kitu cha mwisho kabisa kutoka usoni. Hakuna aliyerudi nyumbani na nguo za kazi. Wako wake za wafanyakazi wa asbesto waliougua kwa kufua tu nguo za waume zao.

Kulikuwa na mtihani mmoja sikuutegemea. Jirani alikuja kuomba mapande manne mazima, ajengee banda la kuku. Mtu mwema, tumeishi naye vizuri, na kumnyima kitu ninachokitupa kulinikaa vibaya. Nilimnyima. Angeyakata ili yatoshe, na angeyakata kwa msumeno. Hakunielewa siku ile, na sina hakika kama ameshanielewa.

Gari liliondoka limefunikwa turubai, na mimi nikabaki na hati ya eneo la kuzikia yenye uzito na tarehe. Iombeni hiyo hati kabla ya kumaliza malipo.

Miezi mitatu baadaye mvua iliparua udongo pale maji ya paa yalipokuwa yakidondokea, kikajitokeza kipande cha ukubwa wa kiganja, cha mpasuko wa zamani. Mkono ulishaanza kuinama kukiokota. Nikaurudisha, nikaingia ndani kutafuta barakoa na chupa ya maji.