Seli nyeupe hutokaje kwenye mshipa bila damu kuvuja?

SWALI: Nasomea uuguzi. Tumefundishwa kuwa usaha wa jipu umejaa seli nyeupe zilizotoka kwenye damu. Zinapitia wapi? Kama mishipa ina matundu, mbona seli nyekundu, ambazo ni ndogo zaidi, hazitoki?

JIBU: Umeuliza vizuri, maana hizo seli nyekundu ndizo zinazovunja dhana ya matundu. Kwenye slaidi, neutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe) ina kipenyo cha mikromita 12 hadi 15, seli nyekundu 7 hadi 8. Tundu la kupitisha ile kubwa lingeimwaga hii ndogo kwanza. Njia haipo mpaka ukuta wenyewe uifungue.

Hili hutokea hasa kwenye vena ndogo kabisa, zile zinazopokea damu kutoka kapilari. Bakteria wakiingia, tishu humwaga histamini na kemikali nyingine. Dakika chache tu, seli za ukuta zinatoa nje P-selektini, protini ambayo zilikuwa nayo akibani. E-selektini huja saa kadhaa baadaye, kwa kuwa lazima itengenezwe kwanza.

Selektini hazishiki sana. Neutrofili inanasa, inaachia, inanasa tena, huku ikibingirika ukutani. Ikibingirika hivyo inakutana na kemokini (kemikali za kuita seli nyeupe) zilizoganda pale, nazo zinaamsha integrini zake, yaani protini zake za kushikia kwa nguvu. Hapo inang'ang'ania na kusimama, damu ikipita kwa kasi juu yake. Inajilaza bapa, inatambaa hadi kwenye maungio ya seli mbili za ukuta, nazo zinalegeza maungio hayo kwa muda. Kazi ngumu ni kupitisha kiini. Ni kama paka chini ya geti, kichwa kikipita mwili unafuata. Wakati wote huo kingo za seli za ukuta zinaibana pande zote, kisha zinafunga nyuma yake. Ndiyo maana damu haivuji. (Chache hutoboa katikati ya seli yenyewe ya ukuta, lakini hiyo si njia kuu.)

Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu ya jeni ya CD18, sehemu ya integrini. Kitovu chao huchelewa kudondoka, vidonda havitungi usaha, ilhali kipimo cha damu kinaonyesha seli nyeupe tele. Zimejaa ndani, haziwezi kutoka.

Utakutana na jambo la karibu na hilo wodini: mgonjwa anayetumia prednisoloni (dawa ya steroidi) ambaye neutrofili zake zimepanda bila maambukizi yoyote. Baadhi ni zile zilizokuwa zimeshikilia ukuta, dawa ikaziachisha, zikahesabiwa. Kabla ya kuhofia majibu hayo, angalia faili lake anatumia dawa gani.