Uliza Fundi: Kisu cha babu, shemeji na grainda

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Tabata, mama wa watoto wawili. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi na wawindaji wazungu kule Rungwa, yeye ndo alikuwa mtu wa kufuata nyayo, na bosi wake mmoja wakati anaondoka akamwachia kisu, babu alikuwa anatuambia alipewa mwaka wa Uhuru. Mama kafariki mwaka jana, kisu kimekuja kwangu. Kina mpini wa pembe ya kahawia yenye mabonde mabonde, kimeandikwa Puma, Solingen na namba 6377, na kwenye kile kichuma kinachozuia vidole visiteleze kuna namba nyingine ndogo ya tarakimu tano. Kina weusi weusi, kutu kidogo karibu na mpini, alafu upande mmoja kuna kidoti kama cha sindano. Jamaa mmoja Kariakoo anataka kunipa elfu themanini saa hiyo hiyo. Shemeji yangu anasema nisiuze, akipige grainda kwanza king'ae ndo bei ipande. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Shemeji mwambie fundi kasema grainda aiweke chini, kama ameshaichomeka kwenye umeme aichomoe. Na yule wa Kariakoo mwambie asubiri, mtu anayekuharakisha utoe kitu saa hiyo hiyo ujue yeye ameshakijua na wewe bado.

Sasa tukisome kisu chenyewe maana hicho kinaongea. Puma ni kiwanda cha Ujerumani, kipo mji wa Solingen tangu 1769, na hilo jina Solingen siyo la kuandika hovyo, toka 1938 kuna sheria kule inalilinda. Namba 6377 ni ya aina ya kisu, inaitwa White Hunter, walianza kuitoa mwaka 1956 na waliichora kwa ushauri wa wawindaji wa kulipwa wa hukuhuku kwetu Afrika Mashariki. Yaani kisu kimebuniwa kwa ajili ya pori kama alilokuwa anatembea babu yako. Mpini ni pembe ya sambar, mnyama mkubwa anayefanana na paa, wa India na nchi za kule, siyo mnyama wetu.

Hiyo namba ya tarakimu tano sasa. Puma walianza kugonga hizo namba mwaka 1964, kabla ya hapo visu vyao havina. Kwahiyo babu hakupewa mwaka wa Uhuru, 1961 kisu hicho kilikuwa hakijatengenezwa. Usimwite mzee muongo lakini! 1964 ndo mwaka wa Muungano, inawezekana kabisa mzee alisema Muungano nyie watoto mkasikia Uhuru, au kapewa hata baadaye na mwaka ukamchanganya. Kuna jedwali la wakusanyaji wa visu vya zamani linaonyesha kila namba ni ya mwaka gani na robo gani ya mwaka, tafuta mtandaoni, piga picha hiyo namba kwa karibu, ulinganishe.

Kidoti cha sindano ndo kimenifurahisha. Shemeji atakwambia ni kasoro, akisugue kiishe. Ile ni alama ya kipimo cha ugumu cha Rockwell, kiwandani wanabonyeza ncha ya almasi kwenye chuma kuona kimeiva vizuri, kinabaki kidoti. Mnunuzi anayejua anakitafuta hicho hicho. Na yale maandishi kwenye bapa yamechorwa kwa asidi, kina chake hata unene wa karatasi hakifiki, brashi ya grainda inayafuta kabla hujamaliza kupepesa jicho. Alafu joto: chuma kikishageuka rangi ya bluu pale kwenye makali ujue ugumu umeondoka, utakinoa asubuhi mchana ni butu. Nimeshaletewa kimoja cha hivyo, kinang'aa kama kijiko cha harusi, mwenyewe anatabasamu, mimi sina hata la kumwambia.

Bei. White Hunter ya miaka ya sitini ambayo haijaharibiwa, ina ala yake, wakusanyaji wa nje wanainunua dola mia na kitu mpaka mia tatu na zaidi, inategemea hali. Elfu themanini ni dharau. Ila usikimbilie na wewe kusema milioni tano, ukiingia kwenye minada ya mtandaoni angalia bei ya vilivyouzwa tayari, ile nyingine ni ndoto za muuzaji. Kinachoshusha bei ni kunolewa sana mpaka bapa limekonda kama kisu cha vitunguu, ncha kukatika, mpini kupasuka. Kinachopandisha ni ala ya asili, na kama mna picha ya babu na huyo bosi wake porini, hata imekunjika, hiyo weka pamoja na kisu. Na kama utapata mteja wa nje, pita kwanza kwa watu wa maliasili uulize kuhusu huo mpini wa pembe, usije ukakwama uwanja wa ndege.

Kukitunza: weusi uache, huo ni umri. Kutu ni ile nyekundu inayobaki kwenye kidole. Dondoshea mafuta ya cherehani, acha usiku mzima, asubuhi chukua ile senti tano ya zamani yenye samaki, ile ya pembe pembe, ukwangue polepole kwa ubapa. Ile sarafu ni ya shaba, ni laini kuliko chuma cha kisu kwahiyo inatoa kutu bila kuchora. Msasa hapana, stilwaya hapana, limao ndo kabisaa hapana. Ukimaliza futa, paka mafuta membamba ya cherehani au ya mgando, siyo ya kupikia, yale yanaganda yanakuwa kama gundi. Mpini usiuloweke, maji yakiingia ndani yanafanya kutu pale chuma kilipojificha, kutu inavimba na pembe inapasuka. Matone mawili ya mafuta ya watoto kwa kitambaa kila baada ya miezi kadhaa yanatosha.

Na usikihifadhi ndani ya ala. Hapa Dar na hili joto la chumvi ngozi inanyonya unyevu inaukumbatisha chuma. Kifunge kitambaa cha pamba, tia kwenye boksi na vile vipakti vinavyokuja na viatu vipya.

SWALI: Fundi, baba mkwe kaacha kisu cha Sheffield, ule mji wa visu wa Uingereza, mpini mweupe. Fundi mmoja Mwenge kasema ni pembe ya ndovu na nitapata hela ndefu. Kweli? (Kigamboni)

JIBU: Kaka, ukisikia pembe ya ndovu usiwaze hela, waza Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Kukutwa na nyara ya serikali bila kibali ni kesi, na siyo kesi ya kulipa faini ukarudi nyumbani kula ubwabwa. Kwanza kiangalie kwenye jua pale mwisho wa mpini ulipokatwa. Pembe ya ndovu ina mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vidoti vyeusi vidogo. Mistari iliyonyooka sambamba kama ya daftari, hiyo ni plastiki ya zamani, Sheffield waliitumia sana. Kuna watu watakwambia upime kwa kuchoma mpini na sindano ya moto, hiyo usijaribu, hiyo plastiki inashika moto kama petroli. Ukiona wavu, usikiuze, usikitangaze, usikitembeze kwenye daladala. Nenda ofisi ya maliasili ukaeleze kimefikaje kwenu kabla hawajakufuata wao.

SWALI: Ala ya ngozi imeota ukungu, niiloweke na sabuni?

JIBU: Hapana. Toa nje kivulini, futa kwa kitambaa kikavu, iache ipigwe upepo siku mbili. Alafu nta ya nyuki, wauza asali ya Tabora wanayo, waombe kipande. Pasha kidogo kwa kiganja, paka kwa kidole. Kidogo tu, siyo kama unapaka mkate siagi.